Maji ya Banda la Sufu

Kwa jina la Mola aliyeyateremsha maji kutoka mawinguni, akayafanya tahara kwa mwenye kuswali na uhai kwa mwenye kiu; na rehema zimfikie Mtume wake, aliyeufanya usafi kuwa sehemu ya imani. Hii ni habari ya siku moja katika banda la kunyolea kondoo, kwenye Shamba la Mawinguni, upande wa mlima unaotazama machweo, juu ya Sanya Juu, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia chumbani kabla mtu hajafungua mlango.

Watu wake si wengi. Mkubwa wao kwa umri ni Mzee Muhsini Nkya wa Njoro, aliyekwisha kunyoa kondoo misimu thelathini na mmoja, na ambaye ujanani alikaa miaka minane mbele ya mwalimu wake msikitini akisoma fiqhi na kuhifadhi tenzi. Anayenyoa kando yake ni Ndelilio, Mlutheri wa Machame, mwenye migomba na ng'ombe wawili, ambaye ulimi wake haupumziki hata akiwa na kondoo katikati ya magoti. Mezani, pale sufu inapochambuliwa, yupo Redempta wa Kiboriloni, mwanamke wa miaka ishirini na sita, aliyemwachia dada yake mtoto anyonyaye ili aje kufanya kazi ya wiki tatu. Juu yao wote yupo Primus, msimamizi, mtu wa funguo. Waliosalia ni wanyoaji na wachambuzi kumi na wanne, waliopandishwa huko kwa lori kutoka Njoro, Rau na Kiboriloni, na ambao wakiukosa msimu huu hawana mwingine hadi mwakani.

Saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya kumi na moja walikuwa wamesimama mbele ya tangi, kila mmoja na kikombe chake. Tangi hilo lilikuwa jeusi, la lita elfu mbili, juu ya jukwaa la matofali, na maji yake yaliletwa kwa mpira kutoka katika mfongo, yaani ule mfereji wa asili uliochimbwa na mababu kuyashusha maji ya msituni. Tangi hilo moja ndilo walilonywea, ndilo lililopika uji wao, na ndilo walilonawia damu, kinyesi na mafuta ya sufu yanayoganda mikononi kama nta.

"Shikamoo, meku," Ndelilio alimwamkia Mzee Muhsini kwa neno la kwao la heshima. "Vipi, cheti chako cha maji bado hai, au kimeisha muda?"

"Marahaba. Maji hayaishi muda, Ndelilio. Huisha kwa wanywaji kama wewe."

Watu wakacheka, kwani walijua habari ya cheti. Siku ya kwanza ya msimu, bomba la kijiji lilikuwa kavu, na watu walipoona maji ya mfongo yakiingizwa kwenye tangi walisita. Ndipo Mzee Muhsini alipokunja mikono ya koti, akakinga maji kiganjani, akayainua kwenye mwanga atazame rangi, akayanusa, akaweka tone ulimini, akatema, kisha akaonja tena polepole. Alifanya kama alivyofundishwa: maji yanayokwenda hayaharibiki ila yabadilike rangi, au harufu, au ladha. Ndelilio naye akaongeza la kwao, kwamba wazee walisema maji yakivuka mawe saba yamejiosha yenyewe. "Ni safi," akasema Mzee Muhsini. "Nyweni, jamaa." Nao wakanywa, Walutheri na Wakatoliki pamoja na Waislamu wachache waliokuwapo, kwa kuwa walimwona mtu ambaye hutawadha mara tano kwa siku na hawezi kuyachezea maji. Tangu hapo kila aliyelalamikia tumbo aliambiwa aulaumu ugali usioiva. Maji yalikuwa na cheti.

Redempta alikunywa vikombe vitatu mfululizo.

"Wee dada, utalimaliza tangi," mtu mmoja alimtania.

"Niache bwana. Maziwa yanatoka na mtoto hayupo. Nina kiu kama nimekula chumvi." Kisha akamgeukia Mzee Muhsini na kupiga goti kidogo. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Uso wako leo si wa jana."

"Baridi tu, babu."

Primus alishuka kutoka ofisini akiwa amebeba boksi. Ndani yake mlikuwa na sabuni za kipande, taulo mbili mpya ambazo hazijafuliwa, na glavu za mpira.

"Haya, sikilizeni," alisema. "Bwana afya anakuja saa sita. Wanunuzi wa sufu huko nje wanataka karatasi inayosema wafanyakazi wanaishi kama watu. Kwa hiyo leo mtaishi kama watu. Glavu mtavaa akifika na mtazirudisha akiondoka. Sabuni isiguswe kwanza, isije ikaonekana imetumika. Na msinizingue."

"Na choo?" aliuliza Ndelilio.

Wote walikitazama choo. Kilikuwa na vyumba viwili, kimejengwa kwa matofali ya kuchoma mwaka uliotangulia, kikapakwa chokaa, kikapigwa kufuli siku hiyohiyo, na ufunguo wake ukakaa kwenye mkufu wa Primus.

"Choo kitafunguliwa saa sita. Atakayekiingia kabla ya hapo atakisafisha kwa ulimi wake."

"Sasa mtu akibanwa, bosi?"

"Misonobari ile pale."

"Misonobari nayo ina foleni. Jana nilisimama nyuma ya watu wanne, mmoja anasoma gazeti."

Hata Primus alicheka. Kisha akawaamuru vijana wawili wayafunike kwa turubai madumu ya dawa ya mifugo yaliyokuwa ndani ya bweni, kwa maana bweni lile awali lilikuwa stoo ya dawa, na madumu hayakuwahi kuhamishwa. Watu walilala madumu hayo yakiwa miguuni pao. Baadhi yalikuwa matupu, yamekatwa katikati, na hayo ndiyo yalikuwa mabeseni ya kufulia.

Kazi ikaanza. Kondoo huketishwa kwa matako kama mtoto anayenyolewa, mgongo wake ukiegemea mapaja ya mnyoaji. Mkasi huanzia tumboni, huzunguka ubavuni, hupanda shingoni, na mnyoaji hodari huivua sufu yote kama shuka moja isiyotatuka. Mzee Muhsini alikuwa bado hodari, ingawa kila baada ya kondoo wa tano aliinuka polepole akiushika mgongo wake. Aliyenyolewa husukumwa kwa mlango wa nyuma na kupandishwa hadi joshoni, kuogeshwa dawa ya kupe na upele, kisha husimama zizini achuruzike. Jana yake walikuwa wameogesha kondoo mia tatu, kundi kubwa kuliko yote ya msimu.

Kwenye saa tatu Redempta aliiacha sufu mezani na kushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Babu," alisema, "mbona kuna ukungu humu ndani?"

Hapakuwa na ukungu. Mzee Muhsini alimwachilia kondoo aliyekuwa nusu amenyolewa, akamwendea. Redempta alikuwa akitokwa na jasho katika baridi ile ya mlimani, mate yanamdondoka mdomoni bila yeye kuyajua, na mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa hadi kuwa kama tundu la sindano. Alitapika juu ya sufu safi. Miguu ikamwisha nguvu.

"Mimba hiyo," Primus alisema kutoka mlangoni. "Hawa wa Kiboriloni nawajua."

"Mwenye kunyonyesha na mate yake yamwagika hivi?" Ndelilio alimjibu akiwa tayari amemwinua Redempta mabegani. "Piga simu bodaboda, bosi. Ukishamaliza kutukana, piga."

Bodaboda ikaja, Redempta akaketishwa katikati, Ndelilio nyuma akimshikilia, nao wakashuka kwenda zahanati ya kijiji. Mzee Muhsini akarudi kwa kondoo wake, ambaye alikuwa akizunguka bandani na nusu ya sufu yake ikiburura sakafuni, na watu wawili wakacheka, kisha wakainamia mikasi yao.

Ndelilio alirudi saa nne na nusu. Hakuwa na utani.

"Muuguzi ameniuliza, 'Huyu anashika dawa ya mifugo?' Nikamwambia hapana, anachambua sufu. Akaniuliza, 'Analala wapi, anakula wapi, anakunywa wapi?' Nikamweleza. Akasema, 'Basi haishiki. Anainywa.'" Ndelilio aliketi juu ya furushi la sufu. "Amempiga sindano. Wanatafuta gari la kumpeleka mjini. Mimi nimemwambia haiwezekani, maji yetu yamepimwa. Akaniuliza na nani."

Hakuna aliyemtazama Mzee Muhsini, na hilo lilikuwa zito kuliko kutazamwa.

Mzee akauweka mkasi wake chini. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaufikia mfongo pale mpira ulipozamishwa, na akaanza kuufuata kuelekea juu. Haukuwa mwendo mrefu, hatua mia mbili hivi, nazo hakuwahi kuzipiga katika siku zote kumi na moja. Zizi la kuchuruzia lilikuwa limejengwa kwa sakafu ya saruji yenye mteremko, ili dawa inayodondoka kwenye miili ya kondoo irudi joshoni kwa tundu. Tundu lilikuwa limezibwa na mabonge ya sufu na kinyesi. Dawa, ilipokosa njia yake, ilikuwa imejitafutia nyingine: ilifurika ukingo, ikapita katikati ya majani yaliyokuwa yamekauka kwa mstari mmoja ulionyooka, ikaingia katika mfongo bila sauti. Maji ya mfongo yalipita pale yaking'aa. Mzee Muhsini aliinama, akayakinga, akayanusa. Dawa ya mwaka huo haikuwa na ule ukali wa harufu wa dawa za zamani, na maji hayakunuka chochote. Rangi yake ilikuwa rangi ya maji.

Aliyamwaga. Mwalimu wake alimfundisha kuyaonja maji, lakini alimfundisha pia kwamba aulizwaye jambo na akajibu bila kulichunguza amejitwika mzigo wa wote watakaolifuata jibu lake. La kwanza alilishika kwa sababu watu walikuwa wakimtazama. La pili lingempandisha kilima kidogo peke yake, asubuhi yenye baridi, na hakuna ambaye angeona.

Aliporudi aliwaita wenzake na kuwaambia yote, hakujisetiri. "Msinywe tena," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia mnywe. Nimekosa."

"Tukichemsha?" aliuliza Kornel, mnyoaji wa Rau.

"Sidhani kama dawa huondoka kwa moto."

"Sasa tunakunywa nini, mzee? Chemchemi iko kule korongoni, saa nzima kwenda, na Primus hajaruhusu mtu kutoka."

Primus alikuwa amesikia. Alimshika Mzee Muhsini mkono kwa adabu ya kinafiki, akamwongoza hadi kando ya mashine ya kukandamizia sufu.

"Mzee wangu, tusiharibiane. Ile sufu iliyoziba tundu itatolewa, kesho, keshokutwa. Leo tuna mgeni."

"Mgeni na aambiwe."

"Aambiwe nini? Nani alisema maji haya ni safi? Mimi? Mimi si mtu wa dini, sijui rangi wala ladha. Ni wewe, mbele ya watu kumi na sita. Mimi bwana afya nimeshamwambia kwenye simu, tuna mzee wetu, mtu wa msikitini, yeye ndiye anayetupimia. Amefurahi sana." Primus aliishusha sauti. "Utakunywa kikombe kimoja mbele yake. Kimoja tu, hakiuwi mtu. Atatia saini, ataondoka. Ukikataa, atafunga banda, na hawa wote wanapanda lori jioni hii. Halafu uwaeleze wewe. Na msimu ujao nina vijana wanaonyoa kondoo arobaini kwa siku. Wewe unanyoa wangapi sasa, mzee? Kumi na nane?"

"Kumi na saba," alisema Mzee Muhsini.

Alirudi kwa mkasi wake. Habari ilikuwa imemtangulia, kama kawaida ya mabanda.

"Meku," Ndelilio alimwambia kwa sauti ya chini huku akimgeuza kondoo ubavu, "mimi nina migomba. Nikirudi leo nakula kiburu changu cha ndizi na maharage, maisha yanaendelea. Lakini Kornel yule, na wale wa mjini wanaopanga vyumba, wakishushwa leo wanakwenda wapi?"

"Unaniambia nikinywe?"

"Sikuambii kitu. Nimemshika yule dada kwenye pikipiki, mate yake yamelowesha mkono wangu huu. Nakuambia tu kwamba hata mimi sijui."

"Kinywe, mzee, yaishe," alisema mwingine kutoka nyuma, bila kuinua uso. "Sisi tumekunywa siku kumi na moja, na bado tunanyoa."

Mzee Muhsini akamvuta kondoo mwingine. Alinyoa kondoo watatu, na wote watatu aliwakata ngozi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Kila tone la damu alilipaka lami ya kuzuia nzi kwa kidole. Lililokuwa likimsumbua halikuwa kikombe. Kikombe kimoja mwili wa mzee ungeweza kukistahimili. Lililomsumbua ni kwamba baada ya kikombe hicho watu wangekunywa tena, na tena, na safari hii angekuwa amewanywesha hali anajua.

Bwana afya alifika saa sita na nusu, katika gari jeupe. Jina lake Anold, mtu mnene, mpole, mwenye koti la mvua na ubao wa kubania karatasi. Wafanyakazi walikuwa wamevaa glavu. Alianzia chooni. Primus alifungua kufuli, mlango ukalia kwa ugeni, na harufu ya chokaa mbichi ikatoka.

"Safi sana," alisema Anold. "Hakina hata nzi."

"Nzi atafuata nini, bwana afya?" Ndelilio alisema kwa sauti. "Humo hamjawahi kuingia kitu cha kumfurahisha."

Anold alicheka, akaandika. Akaingia bwenini, akaliona turubai, akaliuliza, akaambiwa ni vifaa, akaandika. Akazishika taulo, akaandika. Aliposimama mbele ya tangi alisoma maswali yake kwa sauti, kalamu ikitembea mbele ya majibu.

"Tangi la maji ya kunywa lipo? Lipo. Lina mfuniko? Lina. Lina bomba? Lina. Limeinuliwa kutoka ardhini? Limeinuliwa. Vizuri." Aligeuza ukurasa. "Kuna mama mmoja nimesikia njiani ameugua."

"Mambo ya kike," alisema Primus.

"Ahaa. Basi hapa nahitaji mfanyakazi mmoja athibitishe huduma zinatumika."

"Mzee wetu yupo. Na ndiyo saa yao ya kuswali hii, utamwona mwenyewe akitawadha kwa maji hayahaya, kisha atakunywa. Mzee Muhsini! Karibu, baba."

Mikasi ilinyamaza mmoja baada ya mwingine. Watu wakasogea hadi mlango wa banda, vikombe vyao vya mchana mikononi, kwa kuwa maonyo hayakati kiu, na baadhi walikuwa wameshakinga maji. Mzee Muhsini alitoka akiwa amevua glavu. Alivua pia koti lililojaa mafuta ya sufu, akabaki na shati, akakunja mikono hadi juu ya viwiko. Alilisogelea tangi. Primus alimpa kikombe kipya cha bati, ambacho bei yake ilikuwa bado imebandikwa kitakoni.

Mzee alikipokea na kukiweka chini, kando ya jukwaa. Alifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, meupe, mazuri, akayatazama, akalifunga. Kisha akazipita taulo na sabuni, akaenda hatua tano hadi kwenye udongo mkavu uliokuwa chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo hakuna mnyama aliyepita. Akapiga goti. Akaupiga udongo kwa viganja viwili, akavikung'uta, akaupangusa uso wake wote kwa vumbi lile. Akaupiga mara ya pili, akaipangusa mikono, wa kulia kisha wa kushoto, hadi viwikoni, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Anold aliishusha kalamu yake. Alizaliwa Njoro, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na ingawa alikuwa Mkristo alikuwa ameyaona mambo hayo tangu utotoni.

"Mzee," alisema, "hiyo si tayamamu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Tayamamu si ya mtu aliyekosa maji? Au mgonjwa, au msafiri jangwani? Mbona tangi limejaa hapa?"

Mzee Muhsini aliinuka. Vumbi lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Tumekosa maji, bwana afya," alisema. "Hapa hatuna maji. Siku ya kwanza niliwaambia watu hawa kwamba tunayo, nikawadanganya bila kujua, na mwanamke anayenyonyesha yuko chini kule akitapika kwa neno langu. Panda huo mfongo hatua mia mbili, utaona. Ukishaona, andika. Na usiponiandika mimi, muandike yule mama."

Anold alilitazama tangi, akamtazama Primus, akaitazama karatasi yake kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayetafuta mlango katika ukuta.

"Fomu inauliza kama tangi lipo," alisema hatimaye, na kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba aliona aibu. "Kilichomo ndani hakina mahali pa kuandikwa. Kupima maji ni idara nyingine. Nitawataarifu. Kwa mdomo."

Hakupanda mfongo. Aliikunja karatasi ikiwa haina saini ya mfanyakazi, akasema saini hiyo si ya lazima sana, akaenda garini, ambako paja la kondoo lililofungwa kwa gunia lilikuwa limekwisha kuwekwa nyuma ya kiti. Gari likashuka.

Banda halikufungwa. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyelitarajia: vitisho vyote vya asubuhi vilikuwa juu ya jambo ambalo halikuwa na uwezo wa kutokea.

"Kusanya vyako," Primus alimwambia Mzee Muhsini. Aliinyakua sabuni kando ya tangi, akapiga kufuli chooni. "Na lori halikuchukui. Ulikuja na miguu yako duniani, shuka nayo."

"Nitaswali kwanza," alisema mzee.

Akaswali pale pale, kwenye gunia tupu la sufu, na watu hawakurudi kazini hadi alipotoa salamu. Ndelilio alikuwa wa kwanza. Alikiinamisha kikombe chake, maji yakamwagika miguuni pake yakatengeneza tope, naye akasema, "Aisee, Primus, mimi nakwenda korongoni. Nitarudi na ndoo mbili. Ukitaka unifukuze nikiwa njiani." Kornel akamwaga chake. Mmoja akafuata, na mwingine, hadi wakafika kumi na mmoja. Wanne hawakumwaga. Walikuwa na kiu, na korongo lilikuwa mbali, na mmoja wao alikuwa na watoto watano. Walikunywa wakiwa wamempa mzee mgongo, na yeye hakuwalaumu.

Aliufunga mkasi wake katika koti, akashika njia ya kuteremkia zahanati, ili kama gari lilikuwa bado halijapatikana aketi kando ya Redempta, na kabla ya kumwombea dua amwombe radhi. Nyuma yake, kwenye saa nane, aliisikia mikasi ikianza tena, kwanza mmoja, kisha mingi.

Ee Mola, mwenye hazina za mbinguni na ardhini, uliowabakisha katika banda lile wabakishe katika hifadhi yako. Aliyetembea kutafuta maji mfikishe kwenye maji, na aliyekunywa kwa kukosa njia usimhesabie, umtoe salama. Mrudishe mama kwa mtoto wake anyonyaye. Na wale walioshika funguo na karatasi juu ya waja wako, waonjeshe kiu siku moja tu, wapate kujua. Amina.